Tumaini Bila Ratiba: Kivu, Israeli na Mabishano ya Siku za Mwisho

Mji wa Goma umepewa sababu nyingi za kufikiri juu ya mwisho wa dunia. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukaliteketeza kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu na kuwasukuma mamia ya maelfu ya watu kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Miaka saba na nusu kabla yake, Julai 1994, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda katika kambi zilizouzunguka mji huo. Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Mara mbili, Novemba 2012 na Januari 2025, mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mapigo kama haya huipeleka mimbari kwenye Mathayo 24 na kitabu cha Ufunuo, na mhubiri anayeanza na vita na matetemeko ya hapa mara nyingi humalizia Yerusalemu. Israeli, waumini wanaambiwa, ndiyo saa ya Mungu. Anayetaka kujua dunia imefika wapi aitazame nchi hiyo.

Fundisho hilo huhubiriwa kana kwamba ni la zamani sawa na Biblia yenyewe. Sivyo. Lina umri, lina waasisi, na njia liliyopitia hadi kufika Kivu inajulikana. Historia yake katika eneo letu inafundisha jambo moja: tumaini la kurudi kwa Kristo limewasimamisha watu katika dhiki, lakini ratiba ya kurudi kwake, kila ilipotungwa, iliwaumiza au iliwafumba macho wasione wajibu uliokuwa mbele yao. Kanisa lina deni kwa Wayahudi na linapaswa kulilipa kwa heshima. Halilazimiki, kwa sababu ya deni hilo, kuigeuza dola ya kisiasa iwe kalenda ya Mungu.

Mabishano ya kale, ramani mpya

Tangu mwanzo Wakristo hawakuwa na kauli moja juu ya miaka elfu inayotajwa katika Ufunuo 20. Katikati ya karne ya 2 Justino Shahidi aliamini kwamba Kristo atatawala miaka elfu katika Yerusalemu iliyojengwa upya, lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba wapo Wakristo wa imani safi waliofikiri vingine. Karne tatu baadaye Agostino, askofu Mwafrika wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika kitabu chake cha Mji wa Mungu baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410, wakati watu wengi walipoona kwamba ulimwengu umefika ukingoni. Aliieleza miaka elfu kuwa ni wakati wote wa Kanisa hapa duniani, na akawataka waliokuwa wakihesabu miaka iliyobaki waviachie vidole vyao vipumzike. Kwa zaidi ya miaka elfu moja mtazamo wake ndio uliotawala katika Kanisa la Magharibi, na hata Luther na Calvin hawakuuacha.

Ramani inayofundishwa leo katika makanisa mengi ya uamsho ilichorwa karne ya 19. Aliyeichora ni John Nelson Darby, mchungaji wa Kianglikana wa Ireland aliyeacha kanisa lake na kuwa kiongozi wa kundi la Ndugu wa Plymouth. Kuanzia miaka ya 1830 Darby alifundisha kwamba Mungu ana watu wa aina mbili wenye mipango miwili tofauti, Israeli wa duniani na Kanisa la mbinguni. Kanisa litanyakuliwa kwanza, kisha dhiki kuu itaishukia dunia, na ahadi walizopewa manabii zitatimizwa kwa taifa la Kiyahudi katika nchi yake. Mmarekani Cyrus Scofield aliyatia mafundisho haya katika maelezo ya Biblia aliyoitoa mwaka 1909. Maelezo hayo yalichapishwa chini ya maandiko, ukurasa uleule, na wasomaji wengi wakazoea kuyapokea kama sehemu ya Neno. Tamko la Balfour la 1917, kuundwa kwa dola ya Israeli tarehe 14 Mei 1948 na vita vya Juni 1967 viliufanya mfumo huo uonekane umethibitishwa na magazeti. Mwaka 1970 Hal Lindsey, katika kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, alidokeza kwamba kizazi kilichoiona 1948, cha miaka kama 40, ndicho kitakachoyaona yote. Mwaka 1988 ulikuja, ukapita. Hesabu iliporekebishwa, wengi hawakuulizwa kama kosa lilikuwa katika hesabu au katika kuhesabu kwenyewe.

Njia mbili za kuingia Kivu

Mafundisho ya ratiba yalifika mashariki mwa Kongo kwa njia mbili. Zote mbili zilitoka katika ulimwengu uleule wa Waprotestanti wa Marekani na Uingereza, lakini zilizaa matunda yanayopingana. Njia ya kwanza ilianzia Pittsburgh, kwa Charles Taze Russell, mwanzilishi wa harakati ya Mnara wa Mlinzi. Russell alitangaza kwamba 1914 ungekuwa mwaka wa mwisho wa tawala za mataifa, na alikuwa rafiki wa dhati wa ndoto ya Wayahudi kurudi Palestina. Mwaka 1910 alihutubia umati mkubwa wa Wayahudi jijini New York juu ya jambo hilo. Mafundisho yake yaliletwa Nyasaland, Malawi ya leo, ambako Elliott Kamwana alibatiza maelfu ya watu katika miaka ya 1908 na 1909 akiwaahidi kwamba Oktoba 1914 utawala wa wakoloni ungekoma. Kutoka huko moto ulisambaa. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliua watu wengi huko Rhodesia ya Kaskazini na Katanga kwa jina la kuwasafisha wachawi kabla ya mwisho. Alinyongwa mwaka uliofuata.

Nchini Kongo harakati hiyo ikaitwa Kitawala. Wabelgiji waliipiga marufuku, wakawahamisha wafuasi wake kutoka Katanga kwenda mikoa ya mbali, na adhabu hiyo ikawa ndiyo njia ya kulieneza fundisho. Mwaka 1944 maasi ya Kitawala yalizuka katika eneo la Masisi na kuelekea Lubutu, yakiongozwa na Bushiri, mtu wa Wakumu. Wakati huo, kwa ajili ya vita vya Ulaya, kazi ya lazima vijijini ilikuwa imepandishwa kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu waliochoshwa na machimbo, mpira wa mwituni na viboko walisikia kwamba utawala wa dunia hii umekwisha na kwamba warithi wa ahadi za Biblia ni watu weusi. Ahadi ambayo Russell aliwapa Wayahudi, Kitawala ilikuwa imewapa Waafrika. Jeshi la kikoloni la Force Publique liliyazima maasi hayo kwa ukatili. Kiu ya haki iliyowasukuma waasi wale ilikuwa halali, lakini saa waliyopewa haikuwa ya kweli, na waliolipa gharama ya kosa hilo ni wanavijiji wa Kivu. Aliyeipanga hesabu ya awali alikwisha kufa tangu 1916. Katika miaka ya 1930 viongozi wa Mnara wa Mlinzi wenyewe waliliacha fundisho la Russell kuhusu kurudi kwa Wayahudi, wakisema kwamba ahadi zile zilikuwa za Israeli wa kiroho. Kauli iliyohubiriwa kama neno la milele ilikuwa imedumu nusu karne.

Njia ya pili ilikuwa ya wamisionari wa Kiprotestanti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Paul Hurlburt na wenzake walianza kazi katika eneo la Lubero, na mwaka 1946 kazi hiyo ikapokewa na Wabaptisti Wahafidhina wa Marekani. Hao walitoka katika mazingira ambayo mafundisho ya kurudi kwa Kristo kabla ya miaka elfu yalikuwa kipimo cha uaminifu wa mtu kwa Biblia. Walihubiri kwa bidii, walitafsiri, walitibu wagonjwa. Wema wao haukanushiki. Lakini kwa wengi wao wakati ulikuwa mfupi na kazi iliyopaswa kutangulia ilikuwa kuokoa roho. Shule zaidi ya kiwango cha kusoma Biblia, tena zenye ruzuku ya serikali, zilionekana kuwa mzigo au hata hatari. Waumini wa Kivu waliona jambo jingine. Waliona majirani zao Wakatoliki wakisomeshwa na kupata kazi, huku watoto wao wakibaki nyuma. Miaka ya 1950 mvutano huu ulikomaa, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru ukalipasua kanisa. Mabaki ya mpasuko huo yapo hadi leo: jumuiya mbili za Kibaptisti, CBCA na CEBCE, zenye mizizi katika misheni moja.

Itakuwa uonevu kusema kwamba mpasuko ule ulisababishwa na mafundisho ya siku za mwisho peke yake. Palikuwa na suala la madaraka, mali na heshima, na imani ya Kibaptisti kwamba kanisa na serikali vitengane. Hata hivyo, mtu anayeamini kwamba dunia inafungwa karibuni hatajenga shule ya miaka 30. Waumini Wakongo waliodai shule hawakuacha kumngoja Bwana. Walikataa kwamba kumngoja kunamaanisha kuwaacha watoto gizani. Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi, huenda kwa sababu hiyohiyo ya kumngoja Bwana. Baadaye CBCA, ambayo makao yake yako Goma, ikajenga mtandao wa shule na hospitali. Katika jambo hili wanafunzi waliisoma Biblia vizuri kuliko walimu wao.

Kutoka mimbarini hadi ubalozini

Fundisho la Israeli halikubaki ndani ya makanisa. Mobutu, mtawala wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, aliyepata mafunzo ya askari wa miavuli nchini Israeli mwaka 1963, alitangaza kukata uhusiano na nchi hiyo tarehe 4 Oktoba 1973 mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1982 alikuwa wa kwanza kati ya marais wa Kiafrika waliokata uhusiano wakati ule kuurudisha. Kwake hatua zote mbili zilikuwa hesabu za siasa. Chini ya Rais Félix Tshisekedi lugha ya imani iliingia wazi. Machi 2020 alihutubia mkutano wa AIPAC, chama kinachoitetea Israeli jijini Washington, na Septemba 2023 ofisi ya Netanyahu, waziri mkuu wa Israeli, ilitangaza kwamba Kongo imekubali kuhamishia ubalozi wake Yerusalemu. Wakristo wengi walifurahi wakitaja Mwanzo 12:3, mahali ambapo Mungu anamwahidi Abrahamu kuwabariki wanaombariki.

Hili ndilo pingamizi la kwanza kwa hoja yangu, na ni la watu waaminifu: je, si Mungu mwenyewe aliyesema? Alisema, na ahadi ile haipaswi kupuuzwa. Lakini mstari huohuo unamalizia kwa kusema kwamba jamaa zote za dunia zitapata baraka kupitia Abrahamu, na Paulo katika Wagalatia 3 anaieleza ahadi hiyo kuwa imetimizwa katika Kristo na kuwafikia mataifa kwa njia ya imani. Kuipunguza hadi kuwa mkataba wa balozi ni kuifanya ndogo. Tena, tukiipima kwa hesabu hiyo, historia inakataa. Zaire ilirudisha uhusiano na Israeli mwaka 1982; ndani ya miaka 20 iliyofuata ilipita katika kuporomoka kwa uchumi na vita vya 1996 na 1998, ambavyo viliumiza Kivu kuliko mahali pengine popote. Siandiki hivi ili kudai kwamba uhusiano huo ulileta laana. Baraka ya Abrahamu haipimwi kwa kipimo hicho, na mhubiri anayewaahidi watu wa Goma usalama kwa njia ya ubalozi anawaahidi asichopewa kuahidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wasomi wengi, wakiwamo wasiomfuata Darby, huonya kwamba anayesema ahadi za Israeli zimehamia kwa Kanisa yuko karibu na mafundisho yaliyowatesa Wayahudi kwa karne nyingi. Wana haki. Mwaka 1543 Luther aliandika kitabu kilichotaka masinagogi yachomwe, na karne ya 20 Wanazi walikitumia. Mauaji ya Wayahudi milioni 6 yalitokea katika bara lililojaa makanisa. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kwamba Mungu amewatupa Wayahudi. Paulo analikana jambo hilo katika Warumi 11, na anawaonya watu wa mataifa, walio matawi yaliyopandikizwa, wasijisifu juu ya shina linalowabeba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikataa Wayahudi waonyeshwe kama watu waliolaaniwa na Mungu. Wakatoliki wa Goma wamerithi msimamo huo, na Waprotestanti wanaweza kuufikia kwa kusoma Warumi 9 hadi 11 bila maelezo ya chini ya ukurasa. Lakini kukiri kwamba Wayahudi ni wapendwa kwa ajili ya mababa zao ni jambo moja, na kusema kwamba kila tendo la serikali ya Israeli ni utimizo wa unabii ni jambo jingine kabisa. Manabii wenyewe, Amosi na Yeremia, waliwapenda Israeli na wakawakemea wafalme wao katika pumzi hiyohiyo.

Ratiba ina hasara nyingine: huwafuta watu wasio na nafasi ndani yake. Wakristo wa Palestina, ambao Kanisa lao lina mizizi katika karne za kwanza, walitoa tamko la Kairos mwaka 2009 wakiwaomba ndugu zao duniani waache kutumia Biblia kuwanyang'anya nchi. Mashambulizi ya Hamas ya tarehe 7 Oktoba 2023 yaliwaua watu wapatao 1,200, na uovu huo hauna udhuru. Siku chache baadaye, Gaza, shambulio la anga la Israeli lilipiga eneo la kanisa la kale la Mtakatifu Porfirio na kuwaua watu waliojihifadhi humo. Mkristo wa Goma aliyeona mabomu yakianguka katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mugunga tarehe 3 Mei 2024 hahitaji kufundishwa maana ya kuuawa mahali pa kujihifadhi. Fundisho linalomfanya alie kwa ajili ya familia za upande mmoja na kunyamaza kwa ajili ya familia za upande wa pili halitoki kwa Kristo, hata likiwa na mistari mingi.

Hatari iliyo karibu zaidi

Katika eneo la Maziwa Makuu jambo hili lina ukali wa pekee, kwa sababu orodha ya mataifa teule na yaliyolaaniwa haikubaki Mashariki ya Kati. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alichapisha dhana kwamba watawala wa eneo hili walikuwa wageni kutoka Ethiopia, na wazungu waliomfuata wakaitumia Biblia kuwagawa majirani katika ukoo wa Hamu na wengine. Gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha Desemba 1990 amri kumi za chuki kwa kuiga umbo la amri za Sinai. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya katika mkoa wa Gisenyi, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia umati akitaja Wafalasha, Wayahudi wa Ethiopia waliorudi Israeli, kisha akasema kwamba Watutsi nao watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka mmoja na nusu baadaye mito ya Rwanda ilibeba maiti. Wapo pia, kwa upande mwingine, waliodai kwamba Watutsi ni Wayahudi waliosahauliwa. Dai la heshima na dai la chuki yana msingi mmoja: kwamba damu ya mtu inaweza kumpa nafasi katika unabii. Kivu, ambako swali la nani mwenyeji na nani mgeni limemwaga damu kwa miaka zaidi ya 30, haina uwezo wa kubeba mimbari inayotafuta Israeli na Amaleki miongoni mwa majirani.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa waumini wenyewe: mkiondoa siku za mwisho, mnatuachia nini? Watu waliopoteza nyumba mara tatu wanaishi kwa neno kwamba Bwana yu karibu. Hakuna mtu mwenye haki ya kuwanyang'anya neno hilo, wala sipendekezi hivyo. Hatari iko katika tarehe. Kanungu, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, mamia ya watu walikufa Machi 2000 mikononi mwa viongozi waliotangaza tarehe ya mwisho. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kilichoua kule ni madai ya kuijua saa, na utii waliopewa waliodai kuijua. Upande wa pili wa ushahidi ni mwangavu zaidi. Wapentekoste wa CEPAC, wanaohubiri kurudi kwa Yesu kwa bidii kama kanisa lolote nchini, ndio waliofungua hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999, ambako Denis Mukwege, tabibu na mhubiri, aliwatibu maelfu ya wanawake waliobakwa. Mjini Goma hospitali ya Kikristo iliyounguzwa na volkano ya 2002 ilijengwa tena na leo ni HEAL Africa. Wanaomngoja Bwana kweli hujenga juu ya mawe yaliyopoa.

Wanafunzi walipomuuliza Yesu, katika Matendo 1, kama huo ndio wakati wa kuwarudishia Israeli ufalme, hakuwakaripia kwa kuwapenda watu wao. Aliwaambia kwamba nyakati si zao kuzijua, kisha akawapa kazi. Na alipowataja watu 18 waliouawa na mnara wa Siloamu, alikataa kuyafanya maafa yawe kipimo cha dhambi zao. Haya mawili yanatosha kuwa kanuni kwa makanisa ya Kivu. Shule za Biblia na vyuo vya theolojia vya Goma vifundishe historia ya mafundisho haya pamoja na mafundisho yenyewe, ili mwanafunzi ajue lipi ni la Paulo na lipi ni la Scofield. Wachungaji wawaombee Waisraeli na Wapalestina katika sala moja. Asiruhusiwe mhubiri yeyote kulipa kabila lolote la nchi hii jina la taifa teule au la adui wa Mungu. Na anayetaja tarehe ya mwisho aulizwe hadharani, kabla watu hawajauza mashamba yao, ni nani atakayewalisha tarehe hiyo ikipita.